Modela ya gitaa inalaumiwa bure, tazameni spika

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nizungumze na wapiga gitaa wanaofanyia mazoezi nyumbani, pamoja na wauzaji wanaotangaza spika kwa kutaja wati peke yake. Modela za dijitali, yaani vifaa vinavyoiga amplifaya, pedali na masanduku ya spika kwa hesabu za kompyuta, zimeenea tangu Line 6 ilipotoa POD mwaka 1998, na za leo kama Helix, Kemper na Quad Cortex zinaiga kwa ustadi mkubwa. Hata hivyo malalamiko ni yaleyale: distoshoni, yaani sauti ya gitaa iliyokwaruzwa makusudi, inalia kama nyuki, au sauti imezibwa, haina uhai. Mlalamikaji huuza kifaa na kununua kingine, na hicho nacho kinalia vilevile, kwa sababu spika haikubadilika.

Swali la kwanza si spika ya wati ngapi wala ya inchi ngapi. Swali ni hili: kazi ya sanduku la spika la gitaa ataifanya nani, modela au spika yenyewe? Kazi hiyo lazima ifanywe, na ifanywe mara moja tu.

Spika ya gitaa si spika ya muziki. Chukua Celestion Vintage 30, moja ya spika za inchi 12 zinazojulikana zaidi. Karatasi yake ya kiwandani inasema inafanya kazi kati ya Hz 70 na Hz 5,000. Juu ya hapo sauti inaporomoka, na mporomoko huo ndio unaofanya distoshoni isikike tamu. Amplifaya iliyokolezwa huzalisha mikwaruzo mingi ya masafa ya juu, na koni ya inchi 12 isiyo na twita, yaani spika ndogo ya trebo, huikata kabla haijafika masikioni. Spika ya muziki haikati kitu. Inapanda hadi Hz 20,000. Ukiipelekea amplifaya iliyoigwa bila sanduku lolote, mikwaruzo yote inapita, na hapo ndipo nyuki wanapotokea. Ukifanya kinyume, ukapeleka toni iliyokwisha kupita kwenye sanduku la dijitali ndani ya spika ya gitaa, masafa yanakatwa mara mbili. Trebo inakufa, sauti za kati zinavimba, na hakuna kitasa cha modela kitakachoirudisha.

Sanduku la dijitali leo mara nyingi ni faili la IR, nalo ni rekodi fupi sana ya jinsi sanduku fulani lenye spika fulani, mbele ya maikrofoni fulani iliyowekwa mahali fulani, linavyoitikia mshtuko mmoja wa sauti. Sisitizo liko kwenye maikrofoni. Anayesikiliza IR anasikia gitaa kama lilivyorekodiwa studio, si kama linavyosikika ukisimama chumbani karibu na amplifaya. Wengi hawaelezwi tofauti hii wanaponunua. Anayetaka sauti iliyomo kwenye rekodi anazopenda ataridhika na modela, IR na spika ya masafa kamili. Anayetaka msukumo wa koni kubwa ukimgonga miguuni hataridhika hata akinunua monita ghali kuliko zote. Huyo anahitaji sanduku halisi la gitaa.

Kwa mazoezi ya nyumbani ushauri wangu kwa walio wengi ni jozi ya monita za studio, yaani spika za masafa kamili za kusikilizia kazi ya kurekodi, zenye wufa (koni ya besi) ya inchi 5 au zaidi, zenye amplifaya yake ndani, zikitumika na IR iliyowashwa. Uzi wa sita wazi unatoa Hz 82.4, na wufa ya inchi 5 iliyotengenezwa vizuri inaufikia, ingawa kwa shida kidogo. Ya inchi 6.5 au 7 inaufikia bila kujikaza, na inafaa kwa mwenye chumba kikubwa au anayeshusha nyuzi hadi C au B. Ya inchi 8 katika chumba kidogo kwa kawaida huleta besi nyingi kuliko chumba kinavyoweza kubeba. Zilizo chini ya inchi 4 ziachwe. Husikika vizuri dukani kwa sababu watengenezaji wengi huzivimbisha karibu na Hz 100 hadi 150 kuficha udogo wake, lakini ukipiga kodi nzito yenye distoshoni noti za chini zinachanganyika.

Kuhusu wati, tupige hesabu. Spika hupimwa kwa desibeli inazotoa kwa wati 1 ukiwa mita 1. Vintage 30 inatoa dB 100. Monita ndogo tuiweke dB 88. Kucheza nyumbani kwa dB 85 ni sauti kubwa tayari, mtu aliye chumbani lazima apaze sauti kuzungumza nawe. Kufika hapo, Vintage 30 inahitaji kama sehemu tatu za mia za wati, na monita inahitaji nusu wati. Tuongeze dB 15 za nafasi kwa ajili ya kilele cha kila noti unapochapa nyuzi: Vintage 30 inahitaji wati 1, monita wati 16. Hiyo ndiyo hesabu yote ya nyumbani. Kuongeza wati mara mbili kunaongeza dB 3 tu, na ili sikio lihisi sauti imekuwa kubwa mara mbili unahitaji wati mara kumi hivi. Kwa hiyo spika ya "wati 2,000" iliyo chumba cha kulala haimpi mpigaji chochote ambacho ya wati 50 haimpi, ila uzito wa kubeba.

Hizo spika kubwa za jukwaani zenye pembe ya trebo na wufa ya inchi 10 au 12, ambazo wapiga gitaa huziita FRFR, yaani za masafa kamili zisizopendelea upande wowote, ni nzuri kwa mtu anayecheza na bendi. Ndani ya nyumba zina kasoro mbili. Amplifaya zake hutoa mlio wa "ssss" usiosikika ukumbini lakini unaosikika sana ukiwa mita moja kwenye chumba kimya. Baadhi zina feni pia. Tena wufa na pembe zimetengana kiasi kwamba ukikaa karibu unasikia vyanzo viwili badala ya kimoja. Zilizotengenezwa kwa mtindo wa koaksiali, ambapo twita imewekwa katikati ya koni, huondoa tatizo la pili. Line 6 Powercab ya mwaka 2018 ni mfano. Ukiwa nayo tayari spika ya jukwaani, tafuta nyuma swichi au menyu ya toni uiweke FLAT. Mipangilio ya DJ au ya kuongeza besi huharibu kila IR utakayopakia, kisha mtu anaanza kurekebisha priseti (mipangilio ya toni iliyohifadhiwa kwenye modela) hamsini ili kurekebisha swichi moja.

Njia ya sanduku halisi la gitaa ina masharti yake, na hapa makosa hugharimu vifaa. Modela haina nguvu ya kusukuma spika tupu. Inahitaji amplifaya ya nguvu katikati, kwa mfano ya transista kama Seymour Duncan PowerStage 170, ambayo hutoa wati 170 kwenye ohm 4, ohm ikiwa kipimo cha ukinzani wa spika. Sanduku la ohm 8 kwenye amplifaya hiyo hupata nguvu pungufu, la ohm 16 pungufu zaidi, na hilo halina madhara. Hatari ni kushuka chini ya ohm zilizoandikwa kama kikomo. Masanduku mawili ya ohm 8 yakiunganishwa sambamba huwa ohm 4. Ukiongeza la tatu umeshuka hadi 2.7, na amplifaya ya transista itajizima au itaungua. Ya valvu ni kinyume: hiyo isiwashwe kamwe bila sanduku kuchomekwa, maana transfoma ya kutolea sauti inaweza kufa. Waya kati ya amplifaya na sanduku uwe wa spika, wenye nyuzi mbili nene. Waya wa gitaa una msingi mwembamba uliozungushiwa kinga na haukutengenezwa kubeba nguvu hiyo. Unaweza kupata moto.

Mwenye kombo ya gitaa nyumbani, yaani amplifaya na spika ndani ya sanduku moja, anaweza kuitumia badala ya kununua kitu kipya, lakini asichomeke modela kwenye tundu la mbele. Huko modela hupita tena kwenye amplifaya ya awali ya kombo na toni zake, hivyo unakuwa na amplifaya mbili moja ndani ya nyingine. Tumia tundu la nyuma lililoandikwa RETURN, zima sanduku la dijitali, na anza volyumu ya modela ikiwa chini kabisa, kwa sababu katika kombo nyingi tundu hilo linaruka kitasa cha volyumu cha mbele. Kombo isiyo na tundu la RETURN haifai kazi hii, isipokuwa kwa kutumia pedali za modela peke yake huku uigaji wa amplifaya na sanduku ukiwa umezimwa.

Modela nyingi za kisasa zinaruhusu njia mbili kwa wakati mmoja: matundu ya XLR, yale ya pini tatu kama ya maikrofoni, kwenda kwenye monita yakiwa na IR, na ya jeki kwenda kwenye amplifaya ya nguvu bila IR. Anayeweza kufanya hivyo asilazimike kuzima na kuwasha sanduku kila anapobadilisha spika.

Turudi kwenye monita, kwani zikinunuliwa huwekwa vibaya karibu kila mara. Zisimame ili twita iwe usawa wa masikio, umbali kati yake uwe sawa na umbali wa kila moja hadi kichwani kwako, mita 1 hadi 1.2 kwa meza ya kawaida. Zikilazwa chali au zikitazama tumboni, trebo inapita chini yako, unaiongeza kwenye modela, kisha ukivaa hedifoni priseti ileile inakukata masikio. Ukuta wa nyuma ni jambo zito zaidi. Sauti ya besi huzunguka spika, hugonga ukuta na kurudi. Palipo na umbali wa robo ya wimbi inafuta ile inayotoka mbele. Mita 1 kutoka ukutani inafuta Hz 86, yaani pale pale palipo noti za E na F za uzi wa sita. Sogeza spika ifike sentimita 20 na shimo linahamia Hz 430 hivi, ambako spika tayari inaelekeza sauti nyingi mbele na ukuta hauidhuru sana. Besi itaongezeka kwa ukaribu huo. Ndiyo sababu monita nyingi zina swichi ya kupunguza dB 2 au 4 chini. Yenye tundu la hewa nyuma iachiwe angalau sentimita 10. Kona za chumba ziepukwe kabisa.

Chumba chenyewe kina noti zake. Gawanya 343, ambayo ni kasi ya sauti kwa mita kila sekunde, kwa mara mbili ya urefu wa chumba. Chumba cha mita 3.5 kinatoa Hz 49, na mara mbili yake ni Hz 98, ambayo ndiyo G ya freti ya tatu kwenye uzi wa sita. Piga uzi huo freti kwa freti kutoka wazi hadi ya kumi na mbili kwa nguvu ileile na toni safi. Katika chumba hicho G itaruka juu ya wenzake, hasa ukiwa umekaa katikati kabisa. Sogeza kiti sentimita 30 mbele au nyuma, piga tena. Mtu asirekebishe hili kwa kukata besi ndani ya priseti. Likibaki baada ya kusogeza kiti, tumia ikwalaiza ya jumla ya modela, ile inayohusu matundu ya spika pekee, ili hedifoni na rekodi zibaki salama. Hapo hapo unaweza kuweka kichujio cha kukata yaliyo chini ya Hz 80 hadi 100 na cha kukata yaliyo juu ya Hz 6,000 hadi 8,000. IR nyingi hupitisha trebo nyingi kidogo kuliko unavyohitaji kwenye monita yenye twita kali, hivyo anza na 8,000 ushuke kwa kusikiliza.

Kwa waya, monita na modela zikiwa na matundu ya XLR au TRS, tumia hayo. Jeki ya TRS ina mistari miwili myeusi, ya gitaa ina mmoja. Nyuma ya modela au kwenye menyu chagua kiwango cha laini, si cha gitaa. Laini ya kitaalamu ni +4 dBu, kama volti 1.23, ya vifaa vya nyumbani ni -10 dBV, kama volti 0.32. Pande mbili zisipokubaliana kuna tofauti ya karibu dB 12. Modela ikiwa chini unalazimika kufungua monita sana, na mlio wa "ssss" unafunguka nayo. Njia salama ni kufunga monita, kupandisha modela hadi robo tatu, kisha kufungua monita taratibu hadi ifike unapotaka, na baada ya hapo kutumia kitasa cha modela peke yake. Ukipitia mikisa kwa XLR, zima volti 48 za maikrofoni kwenye mkondo huo.

Mvumo ukianza pindi unapochomeka USB ya kompyuta, huo ni mzunguko wa ethi. Chomoa chaja ya laptopu utazame kama unatoweka. Ukitoweka, vifaa vyote vipate umeme kutoka sehemu moja ya kuchomekea, na kama modela ina swichi ya kutenganisha ethi kwenye XLR iwashe. Pini ya ethi ya plagi isikatwe kwa sababu yoyote. Kifaa chenye hitilafu ya umeme kikiwa hakina ethi, mkondo utapita kwenye nyuzi za gitaa na mkono ulioshika.

Spika za Bluetooth hazifai kwa kupiga, hata zikiwa bora. Ucheleweshaji wake mara nyingi unazidi milisekunde 100, sawa na kusimama mita 34 kutoka kwenye spika yako. Mkono na sikio haviwezi kukubaliana. Kwa waya baadhi zinatumika, lakini zile zinazogeuza sauti kwa dijitali kwanza huchelewesha hata kwa waya. Sabufa za nyumbani zenye spika ndogo pembeni zina pengo kati ya sabufa na hizo ndogo, na sehemu kubwa ya noti za chini za gitaa imo humo humo.

Jambo la mwisho kabla ya duka ni volyumu. Fletcher na Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba sikio hupoteza besi na baadhi ya trebo sauti inapokuwa ndogo. Priseti iliyotengenezwa usiku kwa sauti ya kunong'ona itakuwa na besi na trebo nyingi mno ikipandishwa. Tengenezeni priseti kwa sauti ambayo mtapiga, na anayepiga kwa sauti mbili tofauti awe na nakala mbili. Wala isizidi: taasisi ya NIOSH ya Marekani inaweka kikomo cha dB 85 kwa saa nane, na kila dB 3 zinazoongezeka hupunguza muda huo kwa nusu.

Dukani nenda na modela yako, ikiwa na priseti moja safi na moja ya distoshoni. Kabla ya kupiga, cheza wimbo unaoufahamu vizuri kupitia spika hiyo: ukisikika umezibwa, hiyo si ya masafa kamili hata kama sanduku limeandikwa hivyo. Kisha funga kitasa cha gitaa, kaa mita moja, sikiliza kelele tupu. Piga kodi ya E ya freti ya kwanza kwa sauti ya mazungumzo, halafu sogea hatua moja kushoto na kulia. Trebo ikipotea ghafla, spika hiyo itakubana kwenye kiti kimoja. Zima na washa IR uhakikishe unasikia tofauti kubwa. Usiposikia, kuna sanduku jingine limewashwa mahali fulani, na utafute kabla ya kulipa.

Kwa wauzaji nina ombi, Mhariri, kwa kuwa matangazo yao hupita kwenye kurasa zenu. Waandike wati za mfululizo, si za kilele. Waandike masafa pamoja na desibeli zinazoshuka, kwani Yamaha HS5 ileile inaanzia Hz 54 ukiruhusu ishuke dB 10 na inaanzia Hz 74 ukiruhusu dB 3, na mnunuzi anayelinganisha namba ya kwanza ya spika moja na ya pili ya nyingine anadanganyika bila mtu kusema uongo. Kwa masanduku matupu waandike ohm. Na wamruhusu mpiga gitaa achomeke modela yake mwenyewe.

Wako,
Msomaji, fundi wa sauti